Kulinganisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo za albamu

Kosa linaloharibu masta (nakala za mwisho zinazotolewa) za albamu nyingi ni kutaka kila wimbo usome namba ileile kwenye mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi. Wimbo wa gita na mwimbaji peke yake unapandishwa hadi -10, sawa na wimbo wa dansi uliojaa ngoma na besi, na matokeo yake mwimbaji anasikika kama anakufokea sikioni. Mita haijakosea. Inakupa wastani wa wimbo mzima, basi. Haijui kwamba nguvu yote ya wimbo wa kwanza inatoka kwenye koo moja, na katika wa pili koo hilohilo linagawana nafasi na ala chungu nzima.

Mlinganishe mwimbaji kwanza. Sikio la msikilizaji linamfuata yeye, na akipanda au kushuka ghafla kati ya wimbo na wimbo, mkono unakwenda kwenye kitufe cha sauti. Ukimtuliza, namba za mita zitaachana zenyewe: wimbo mzito ukiwa -9, ule mtulivu unaweza kukaa -12 au -13. Ziache ziachane.

Weka nyimbo zote kwenye sesheni moja ya programu yako ya sauti, kila wimbo na treki yake, kwa mpangilio wa albamu. Anza na ule wenye nguvu na msongamano kuliko yote. Usukume kwenye limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango ulichokiweka, mpaka ikate desibeli 2 au 3 kwenye vilele, yaani pale sauti inaporuka juu kabisa. Ngoma zikianza kupoteza mshindo, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo penye dari ya albamu, na nyimbo nyingine zote zinapangwa chini yake. Ukianza na wimbo mpole ukaupandisha sana, ule mzito utakosa pa kwenda na limita itausaga.

Sasa punguza spika hadi kiwango cha mazungumzo ya chini, kisha usiguse tena kitufe. Kwa sauti ndogo sikio halisikii besi vizuri, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima tangu 1933, kwa hiyo masafa ya kati anamokaa mwimbaji ndiyo yanayobaki wazi. Ruka kutoka kiitikio cha wimbo mmoja hadi cha mwingine, sekunde tano hadi kumi kila kimoja, ukirekebisha nusu desibeli kwa nusu desibeli. Wimbo unaohitaji kushuka ushushe baada ya limita, ili ladha yake isibadilike. Unaohitaji kupanda upandishe kabla ya limita, usije ukavuka dari ya vilele.

Kuna wimbo utakaogoma kupanda. Mara nyingi sababu ni besi: inaifikia limita mapema, na kila inapopiga inamkandamiza mwimbaji pamoja nayo. Kata kilichoko chini ya hezi 30, punguza desibeli 1 au 2 mahali besi ilipojaa, ndipo ujaribu tena. Mwimbaji akikaa sawa na wimbo wa jirani lakini ngoma zikabaki juu mno, tatizo liko kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa ala na mwimbaji uliofanywa kabla ya masta. Omba miksi mpya yenye mwimbaji aliyepandishwa desibeli 1, kwa sababu masta haiwezi kumtenga vizuri.

Maungio yasikilize peke yake: sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja na 20 za kwanza za unaofuata. Utangulizi mpole baada ya kishindo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ongeza kimya katikati, kutoka sekunde 2 hadi 4, au pandisha utangulizi huo tu kwa desibeli 1. Usiguse wimbo wote.

Wengi huhofia kwamba huduma za kusikiliza muziki zitavuruga tofauti hizi. Spotify hulenga -14 LUFS, lakini albamu ikichezwa kwa mpangilio wake huipandisha au kuishusha yote kwa kiasi kimoja, hivyo tofauti ulizoziweka zinabaki. Wimbo hupimwa peke yake unapochanganywa na wa watu wengine. Kilele halisi kiache kwenye -1 dBTP (desibeli za kilele halisi), na -2 kama masta ina sauti kubwa kuliko -14, kwa kuwa kubana faili huinua vilele.

Kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika, cheza albamu mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha, karatasi na kalamu mkononi, na uandike dakika tu ya kila mahali ulipotamani kugusa kitufe.