Kwa nini dawa ya saratani isimamishwe wakati bado inafanya kazi?

Kaka, umeuliza kwa nini dawa isimamishwe wakati uvimbe unapungua. Fikiria mahindi yako huko Mbale: ukiyang'oa yote, magugu yanabaki na mwanga na mbolea peke yao. Kwenye uvimbe, seli zinazosikia dawa hugombea chakula na seli sugu, zisizosikia dawa, na kuzibana; dawa ikiziua zote, sugu hubaki huru. Milinganyo ya wataalamu wa hesabu Lotka na Volterra, ya miaka ya 1920, hukokotoa mbano huo: kila seli inamnyima jirani nafasi kiasi gani. Mtafiti wa saratani Robert Gatenby na wenzake kule Florida, Marekani, walijaribu njia hii ya kusimamisha dawa kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa: PSA, protini ya damu inayoonyesha saratani hiyo inavyoendelea, ikishuka nusu, dawa inasimama, ikirudi ilipoanzia, inarejeshwa. Ila tafadhali, mzee anayeumwa asiache vidonge mwenyewe. Wagonjwa wa jaribio lile walipimwa damu mara kwa mara.