Skrini ya PuTTY imevurugika: nairudishaje bila kukata muunganisho?

Swali: Nimeingia kwenye seva ya Linux kwa PuTTY (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali). Nimefungua faili la zip kwa cat (amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili), na sasa kila ninachoandika kinatokea mistari na pembe. Humohumo kuna rsync (programu ya kunakili faili) inaendelea, kwa hiyo siwezi kufunga dirisha. Nifanyeje?

Jibu: Shikilia Ctrl, bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya dirisha, kisha chagua Reset Terminal. Usiisahau Ctrl: kwa mipangilio ya kawaida ya PuTTY kwenye Windows, kitufe cha kulia peke yake hubandika ulichonakili moja kwa moja kwenye seva, na hapo utakuwa na tatizo la pili. Reset Terminal inaishia kwenye kompyuta yako, hivyo rsync haiguswi.

Mara nyingi chanzo ni baiti tatu tu ndani ya faili, ESC ( 0, ambazo huiamuru terminali (hapa ni dirisha la PuTTY) itumie alama za kuchorea. Angalia vizuri: herufi kubwa na tarakimu ziko salama, ni ndogo ndizo zilizogeuka. q imekuwa mstari wa mlalo, x wa wima. Seva yenyewe inakuelewa kama kawaida, kwa hiyo rsync ikimaliza unaweza pia kuandika hivi bila kujali unachokiona:

printf '\033c'

Ila kama herufi hazionekani kabisa, au Enter inatoa ^M, Reset Terminal haitasaidia. Hapo kilichoharibika ni mipangilio ya tty (njia ambayo seva hupokelea unachoandika) upande wa seva, kwa kawaida na skripti iliyoita stty -echo ili kuficha nywila ikakwama kabla ya kuirudisha. Bonyeza Ctrl+J, andika stty sane ingawa huoni kitu, kisha Ctrl+J tena. Usitumie Enter, maana ndiyo iliyogoma. Amri ya reset hushughulikia pande zote mbili, lakini hutegemea TERM, yaani jina la aina ya terminali ambalo seva imepewa. Kama echo $TERM haitoi xterm au jina la familia hiyo, irekebishe kwanza.

Ndani ya tmux (programu inayogawa terminali katika vidirisha), printf hiyo husafisha kidirisha ulichomo tu. Mabaki yakibaki pembeni, bonyeza Ctrl+b halafu r ili skrini ichorwe upya.

Fonti na rangi hazirudi kwa njia hizi. Menyu ileile ina Change Settings: badilisha unachotaka, bonyeza Apply, na muunganisho utaendelea.