Kuzunguka ziwa kwa picha za barabarani: kaa na anayeijua njia

Ukitaka kusafiri ukiwa umekaa nyumbani, kwa picha za barabarani za Google Maps (Street View), usikimbilie Paris wala New York. Sisi wa Mwanza tuna barabara inayolizunguka ziwa letu, Victoria, upande wa mashariki na kaskazini: Sirari, Migori, Kisii, Ahero, Kisumu, Busia, Jinja mpaka Kampala. Majina hayo tumeyasikia kwa makondakta tangu utotoni, na raha ya kuona sura zake ni kubwa kuliko ya mji usio na jambo nao.

Upande wetu picha za mfululizo ni haba sana. Kutoka Magu, Lamadi na Bunda hadi Sirari, tumia picha za setilaiti, uifuate lami na uone Ghuba ya Speke inavyoisogelea barabara kule Lamadi. Ukishavuka mpaka, mchukue yule mtu mdogo wa njano pembeni mwa ramani, umdondoshe kwenye mstari wa buluu, unaoonyesha barabara yenye picha.

Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza, usikae peke yako. Mimi hukaa na mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori. Mimi nabonyeza, yeye anaongea. Tukifika Ahero huniambia, "Mjomba, rudi nyuma kidogo," kisha ananieleza mashamba ya mpunga na jinsi Mto Nyando ukifurika unavyowakwamisha madereva. Picha haikuambii hayo. Wazee wetu wengi wana barabara nzima vichwani, na hakuna anayewauliza.

Jinja ndiko tulikokaa sana. Mjomba alizoea kuuvuka Mto Nile juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Daraja jipya la nyaya lilifunguliwa Oktoba 2018. Kwa hiyo kila unaposimama, angalia kwanza mwezi na mwaka ulioandikwa kwenye picha. Picha ya kabla ya hapo haiwezi kukuvusha kwenye daraja hilo, na ukipanga safari ya kweli kwa kuitegemea utapotoshwa. Penye picha za miaka tofauti, zifungue zote. Google Maps ya kwenye kompyuta imeruhusu hivyo tangu 2014.

Usipite mbio. Soma vibao vya maduka. Ukuta wa kijani wa M-Pesa unakuambia uko Kenya. Ukianza kuona njano ya MTN, umeshaingia Uganda. Ndani ya msitu wa Mabira, simama Najjembe uwatafute wauza kuku wa mishikaki na ndizi za kuchoma.

Bando linaliwa haraka, kwa hiyo tafuta Wi-Fi, na tumia kompyuta ili mzee aone vizuri.

Nasi tusiiache barabara yetu tupu. Kuna Mapillary, mradi ulioanzia Sweden mwaka 2013, unaopokea picha za simu ya kawaida na kuzifunika nyuso na namba za magari. Abiria wa kiti cha mbele anaweza kupiga picha za njia ya Mwanza hadi Magu asubuhi moja: futa kioo, simu ilale kwa upana, na uizime kila mnapokaribia kambi ya jeshi au kizuizi cha polisi.