Helikopta si lazima ifike kwanza

Umeuliza kwa nini mgonjwa mahututi alisafirishwa usiku kwa gari ilhali helikopta ipo. Angani ni haraka, sawa, lakini hesabu dakika zote: kumwita rubani, kuangalia hali ya hewa, kumtoa mgonjwa wodini hadi pa kurukia, kumpakia, halafu kumshusha na pengine kumpakia tena kwenye gari upande wa pili. Kwa safari fupi ya barabara, gari la wagonjwa mara nyingi hushinda.

Usiku kuna zaidi: ukungu, mawingu ya chini, nyaya za umeme zisizoonekana, mahali pa kutua pasipo na taa. Rubani akikataa, msimshinikize. Baadhi ya huduma hata hawamwambii kama mgonjwa ni mtoto au mtu mzima, maana huruma huvuruga uamuzi (mimi naona wako sahihi kabisa).

Halafu ukipanda juu, hewa hutanuka. Mwenye hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua kwa kawaida huwekewa mrija wa kuitoa kabla ya kuruka.

Kwenye gari hofu yangu kubwa ni oksijeni. Anayetumia lita 10 kwa dakika humaliza lita 1,200 kwa saa 2, na timu makini hubeba maradufu, pamoja na betri za akiba za mashine ya kupumulia. Na kama hospitali inayopokea haijathibitisha kitanda, asitolewe alipo.