Nostoc kwa wanaoanza: kuokota, kukagua na kuotesha

Ukikuta vipande vya ute wa kijani kibichi au kahawia vimetapakaa juu ya changarawe baada ya mvua, usikimbilie kuandika "Nostoc" daftarini. Nostoc ni jenasi ya sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, na seli zake hukaa pamoja ndani ya ute kama koloni moja. Kuvu wa jeli hufanana nayo kwa mbali, ila huota juu ya mti unaooza. Nostoc hulala juu ya ardhi tupu, simiti au nyasi fupi, haina mizizi, na huinuka kwa vidole bila kung'ang'ania. Kinachowapotosha wengi zaidi ni likeni (kuvu wanaoishi pamoja na mwani au sianobakteria) za jenasi Collema, kwa sababu ndani yake mna Nostoc ya kweli. Tafuta vikombe vidogo vyekundu-kahawia juu ya uso wake. Ukivikuta, hiyo ni likeni. Usipovikuta, bado hujamaliza: kata kipande chembamba kwa wembe na uangalie kwenye hadubini kama kuna nyuzi nyembamba za kuvu zisizo na rangi zinazopita katikati ya ute.

Wakati wa kiangazi koloni hukauka na kubaki gamba jeusi, jembamba kama karatasi, na mtu hulikanyaga bila kujua. Hilo gamba liko hai. Vipande vya Nostoc commune vilivyokaa vikavu kwenye makusanyo ya mimea iliyokaushwa kwa miongo mingi vimewahi kuoteshwa tena. Kwa hiyo chukua sampuli kwenye bahasha ya karatasi, ianike kivulini, kisha andika juu yake mahali, tarehe, aina ya uso ilipookotwa, na kama ilikuwa mbichi au kavu. Mfuko wa plastiki ndio unaoharibu sampuli nyingi za wanaoanza: ute ukifungiwa ukiwa na maji, bakteria wengine huanza kuula, na baada ya siku chache unabaki na uji unaonuka.

Kabla ya kukagua, loweka gamba kwenye maji yaliyotoneshwa. Litaanza kuvimba ndani ya dakika chache. Lisuuze mara kadhaa na ubadilishe maji kila mara, kwa sababu chembe za mchanga hunasa kwenye ute, na chembe moja tu inatosha kuinua kioo cha kufunikia au kukivunja ukikibonyeza.

Slaidi ndiyo hatua inayohitaji subira. Kosa la kawaida ni kuweka kipande kikubwa, kisha kulalamika kwamba huoni kitu ila giza la kijani. Chukua kipande kisichozidi kichwa cha pini. Koloni kuukuu ina ngozi ngumu ya nje yenye rangi ya manjano-kahawia. Rangi hiyo ni skitonemini, inayozuia mionzi ya urujuanimno. Pasua ngozi hiyo kwa wembe na uchukue ute wa ndani. Weka tone la maji, funika, kisha bonyeza taratibu kwa upande wa kifutio cha penseli ukizungusha kidogo, hadi ute utandazike.

Kwenye ukuzaji wa mara 400 utaona nyuzi zilizojikunja ovyo ndani ya ute, kila moja kama shanga zilizotungwa. Pitisha jicho uzi mmoja polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila baada ya seli kadhaa utakuta moja iliyopauka, yenye ukuta mnene, na kidoa kinachong'aa pale inapoungana na jirani yake. Hiyo ni heterosisti, na kazi yake ni kunasa nitrojeni ya hewani. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni. Ndiyo maana seli hii huacha kutoa oksijeni, hujikinga kwa ukuta mnene, na hutegemea sukari ya majirani. Usiichanganye na akineti, ambayo ni seli ya kujihifadhi: hiyo hujaa chembechembe na haijapauka.

Ukibaki na shaka kama ni mwani wa kijani, tia tone la iodini ukingoni mwa kioo. Mwani wa kijani huhifadhi wanga na kwa kawaida huonyesha rangi ya bluu-nyeusi. Sianobakteria hawana wanga huo. Mpaka wa ute usipoonekana, tone la wino mweusi wa kuchorea huufichua, maana wino hauingii ndani yake.

Kuotesha: tumia BG-11, mchanganyiko wa madini wa kuoteshea sianobakteria, isiyo na nitrati, yaani uache gramu 1.5 za nitrati ya sodiamu zinazowekwa kwa kila lita. Nitrojeni ikiwa tele, heterosisti hupungua au hutoweka kabisa, na anayeanza huishia kutaja jenasi nyingine. Nyuzijoto 22 hadi 28 za Selsiasi zinafaa, na mwanga uwe hafifu. Taa kali karibu na sahani hupausha koloni changa.

Usitarajie koloni safi kwa kuosha tu, kwa sababu bakteria wengine huishi ndani ya ute wenyewe. Njia inayosaidia ni kutumia homogonia, nyuzi fupi zinazotambaa zenyewe. Weka kipande upande mmoja wa sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), ifunike kwa karatasi nyeusi na uache mwanga uingie upande wa pili. Nyuzi zikishasogea kuelekea mwangani, kata kijipande cha agari chenye zile zilizotangulia mbele kabisa na ukihamishie sahani mpya. Rudia mara kadhaa.

Ukitaka kupima unasaji wa nitrojeni kwenye gamba lililokaushwa, usipime siku uliyolilowesha. Upumuaji hurudi mapema, usanisinuru hufuata, lakini unasaji wa nitrojeni huweza kuchelewa siku kadhaa. Kipimo cha mapema kitakupa sifuri isiyo ya kweli.

Kuhusu jina, ishia "Nostoc sp." (yaani spishi haijajulikana) mpaka upate mfuatano wa jeni ya 16S rRNA, inayotumika kutambua bakteria. Koloni zinazofanana kabisa kwa macho zimewahi kuhamishiwa jenasi nyingine, kama Desmonostoc, na lebo yenye jina la spishi lililokisiwa humpotosha kila atakayeitumia sampuli hiyo baada yako.