Pointi 12 katika mechi 14: kocha afukuzwe?

SWALI: Ndugu mchambuzi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji ya klabu ya Ligi Kuu, Kanda ya Ziwa. Katika mechi 14 tumeshinda 2, sare 6, tumepoteza 6. Tumefunga mabao 8, tumefungwa 15. Wenzangu wanataka kocha mkuu aondoke kabla dirisha dogo la usajili halijafungwa. Mimi naona tunamwonea, ila sina hoja ya kusimamia kikaoni. Katibu wetu huandika mashuti ya kila mechi kwenye daftari: tumepiga 148, tumepigiwa 139. Nimekutumia picha za kurasa zote. Kiungo wetu mkabaji aliumia goti mechi ya nane na hajarudi. Kuna namna ya kitaalamu ya kumpima kocha, au tunabahatisha tu?

JIBU: Ndugu mjumbe, kwanza mnunulie katibu wenu soda. Nimeingia kwenye vikao ambavyo ajira ya kocha iliamuliwa na mwenye sauti kubwa kuliko wote, na mezani hapakuwa hata na karatasi moja.

Pointi zimebeba mambo mawili yaliyochanganyika: nafasi mnazotengeneza na kuzuia, halafu kama mpira uliingia au uligonga mwamba. Kwenye la kwanza mkono wa kocha ni mkubwa. Kwenye la pili ni mdogo sana. Katika soka la kulipwa, kwa wastani, shuti moja hivi kati ya kumi ndilo huwa bao, na penalti huingia zaidi ya mara saba kati ya kumi. Huko ndiko inakotoka ile namba ya xG unayoiona kwenye runinga, yaani mabao tarajiwa: kila shuti linapewa thamani yake kwa kuangalia umbali, pembe, na kama ni kichwa au mguu.

Ninyi hamna kampuni ya kuwapa xG, basi tutumie hesabu ya vidole. Mashuti 148 yalipaswa kuzaa mabao 14 au 15, nanyi mmefunga 8. Mashuti 139 ya wapinzani yangezaa kama 14, mmefungwa 15. Nyuma, basi, mnafungwa kile kile mnachostahili kufungwa. Tatizo liko kwenye umaliziaji, na hapo swali linarudi kwenu: mshambuliaji wenu alisajiliwa na nani? Kama kocha alimkuta, au kama jina lililetwa na mjumbe mwenzako pamoja na wakala wake, msimpe kocha lawama isiyo yake.

Ila hesabu hiyo ina tundu. Shuti la mita 30 na la mita 6 si kitu kimoja, na daftari linayaandika sawa. Mwombe katibu arudie kutazama mechi zilizoonyeshwa Azam TV, aweke alama tatu: ndani ya boksi, nje ya boksi, na pale mpigaji alipobaki na kipa peke yake. Ni kazi ya jioni chache tu. Mkikuta mashuti yenu mengi ni ya mbali, nusu ya utetezi wa kocha wako inaanguka.

Katika mifano yote ninayoijua, unaowafaa ninyi ni Borussia Dortmund ya 2014/15. Kocha wao Jürgen Klopp alikuwa ametwaa ubingwa wa Ujerumani 2011 na 2012, akafika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2013. Kisha mshambuliaji wao Robert Lewandowski akaondoka bure kwenda Bayern Munich. Hadi mapumziko ya Krismasi Dortmund walikuwa wa 17 kati ya timu 18, pointi 15 katika mechi 17, na Februari wakawa wanaburuza mkia. Waliohesabu nafasi badala ya pointi walikuwa wanaona timu nyingine kabisa, inayotengeneza vizuri na kuadhibiwa kwa kila kosa. Klabu ilimvumilia. Wakamaliza wa 7 kwa pointi 46, naye akaondoka kwa hiari yake mwisho wa msimu. Oktoba 2015 Liverpool walimchukua wakiwa hawana wasiwasi na msimu ule, kwa sababu kitengo chao cha takwimu kilishaupitia na kuona kwamba bahati ndiyo iliyokuwa imemkimbia.

Hapa ningeweza kukwambia nenda kamtetee. Lakini nimefungua kurasa zenu moja moja.

Katika mechi 7 za kwanza mlipiga mashuti 90 na kupigiwa 55. Katika 7 za mwisho mmepiga 58 na kupigiwa 84. Jumla ya 148 kwa 139 inapendeza machoni, kumbe ndani yake kuna timu mbili, na ya pili ni mbaya. Ukurasa wa mechi ya 11 katibu kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "dk 28 tumebaki 10". Siku hiyo mlipigiwa mashuti 21, ninyi mkapiga 4. Nikaitoa mechi hiyo. Bado mlipigiwa 63 katika mechi sita, zaidi ya 10 kwa mechi, wakati mwanzoni hayakufika 8. Kadi nyekundu ya siku hiyo haitoshi kuwa sababu.

Nikatazama wapinzani. Kati ya hizo sita, tatu ni Simba, Yanga na Azam, mbili kati ya hizo mkiwa ugenini baada ya safari ya basi. Zinabaki mechi tatu za kawaida. Kwa mechi tatu simfukuzi hata mpishi wa kambi. Yanga waliachana na kocha Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya vipigo viwili mfululizo, kwa Azam na kwa Tabora United, miezi michache tu baada ya kuwapa ubingwa. Msimu ule ubingwa ulibaki Jangwani kwa Yanga, lakini Yanga wana kikosi cha kufidia pupa ya viongozi. Ninyi hamna.

Kwa hiyo suala la kumpima kocha wenu ni hili la kiungo. Kuumia si kosa lake. Alichofanya baada ya hapo ni kazi yake. Je, alibadili mfumo, akashusha mtu wa pili mbele ya mabeki? Alimjaribu kijana wa timu B? Au wiki saba timu imecheza vilevile huku katikati pakiwa wazi? Mwiteni awaeleze kwa video, pasiwe na kelele, msikilize kama ana jibu.

Wenzako watasema kocha mpya huleta uhai. Ni kweli timu huinuka. Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel alipitia ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004: waliofukuza kocha baada ya msururu mbaya waliinuka, na waliopatwa na msururu kama huo wakabaki na kocha wao nao waliinuka, kwa kiasi kinachofanana. Aliyefika chini kabisa mara nyingi hupanda tu.

Wala usije ukatumia maneno yangu kumlinda kocha milele. Chini ya kocha Erik ten Hag, msimu wa 2023/24 Manchester United ilimaliza ya 8, mabao ya kufungwa yakizidi ya kufunga, na wiki baada ya wiki wapinzani walipiga langoni kwake kama wako mazoezini. Mei 2024 akaifunga Manchester City 2-1 fainali ya Kombe la FA, klabu ikamwongezea mkataba. Oktoba 28 akafukuzwa, timu ikiwa ya 14. Kombe lilikuwa la kweli, na mashuti nayo yalikuwa ya kweli.

Ningekuwa kwenye kiti chako ningeomba mechi tano, na ningeandika masharti mawili kwenye muhtasari kabla ya ile ya kwanza kuchezwa: mashuti ya ndani ya boksi tunayopigiwa yarudi karibu na ya mwanzo wa msimu, na ya kwetu yasizidi kushuka. Yakitimia na pointi hazijaja, anabaki. Yasipotimia, hata mkishinda mbili kwa penalti za dakika za mwisho, mazungumzo ya kuachana yaanze, na kocha ayajue masharti hayo leo.

Halafu, kabla ya kikao, mwulize mhasibu mishahara ya wachezaji ya miezi mitatu iliyopita ililipwa tarehe ngapi. Kwenye daftari la katibu sikuiona safu hiyo.