Kuwalinda wazee ukiwa afisa peke yako

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kuwalinda wazee wanaonyanyaswa nyumbani ilhali wewe ndiye afisa ustawi wa jamii pekee katika kata tatu mkoani Shinyanga, na mafuta ya pikipiki huisha kabla mwezi haujafika nusu. Ningeanza na daftari, si na fedha. Panga taarifa zote kwa uzito wake: mzee aliyetishiwa maisha au anayenyimwa chakula afikiwe siku hiyo hiyo, na ugomvi wa shamba usio na vitisho usubiri siku ya ziara ya kijiji hicho.

Mabaraza ya wazee, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watendaji wa vijiji hupita kwenye nyumba ambazo wewe hutazifikia. Wafundishe dalili chache tu. Katika eneo lenu umwangalie hasa bibi mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia miaka yote, kwa maana macho hayo yamewafanya wengi waitwe wachawi na kuuawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo yumo mtu anayelitaka shamba. Ukisikia mnong'ono wa namna hiyo, usingoje ushahidi. Mjulishe mtendaji na polisi kata mara moja.

Nakusihi pia usimhoji mzee mbele ya anayemtunza. Niliwahi kufanya hivyo, na bibi alinijibu, "Sijambo, mwanangu," huku akivuta kanga kuuficha mkono uliovimba.